Ficha jina, soma tena: mwongozo wa mrejesho kazini kati ya wanawake na wanaume

Kiswahili kina faida ambayo wengi hatuitumii: "yeye" haisemi kama ni mwanamke au mwanaume. Andika "amechelewesha ripoti mara mbili na hakutoa taarifa", futa jina, na msomaji hana pa kujua ni nani. Kwa hiyo tathmini iliyoandikwa kwa Kiswahili, jina likifichwa, inapaswa kuwa kimya kabisa kuhusu jinsia. Mtu akiisoma na kupatia kwamba huyu ni dada, ujue kuna neno lililochongea: gubu, mdomo, mapozi, anajisikia, "mama yetu wa ofisi".

Mwongozo huu umejengwa juu ya jaribio hilo. Ni wa wasimamizi wa idara, matawi na karakana, na wa wale wanaopokea mrejesho kutoka kwao. Mifano na sheria ni za Tanzania. Kenya inatajwa pale inapotofautiana. Kama fomu yenu ni ya Kiingereza, andika rasimu kwa Kiswahili kwanza, ipime, ndipo uitafsiri.

Hatua ya 1: Anza na daftari

Upendeleo huingilia kwenye kumbukumbu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na msimamizi anajikuta na majina tisa ya kutathmini, iwe kwenye fomu za karatasi kama enzi za OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza 2004, iwe kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi yake. Anachokumbuka ni mambo ya wiki tatu zilizopita, pamoja na sifa ya jumla: huyu mchapakazi, yule msumbufu. Sifa ya jumla ndiyo inayobeba yale tuliyolelewa nayo kuhusu mwanamke anavyotakiwa kuwa na mwanaume anavyotakiwa kuwa.

Nunua daftari la kawaida. Mpe kila mtu kurasa nne, na kila ukurasa uupige mistari upate safu tatu: tarehe, alichofanya au alichosema, kilichofuata. Kila Ijumaa mchana tumia dakika 15, mstari mmoja au miwili kwa mtu. Sharti ni moja: hakuna neno la tabia. "Mvivu", "mbishi", "mpole", "ana kiburi" haviingii daftarini. Kama huwezi kuandika bila neno la tabia, bado hujaona tukio, umesikia tu.

Mwisho wa mwezi angalia kurasa zilizobaki tupu. Mara nyingi ni za wale usiokula nao mchana. Msimamizi mwanaume hukuta kurasa za wanaume zimejaa mambo ya kazi, kwa sababu habari za kazi anazipata kijiweni kwenye kahawa, na za wanawake zina mahudhurio tu. Hapo usianze kubuni. Mwezi unaofuata kaa na hao wenye kurasa tupu, uwaone wakifanya kazi.

Hatua ya 2: Sentensi ya vipande vitatu

Mrejesho unaofaa una tukio, athari na ombi, kwa mpangilio huo. Tuchukue afisa mikopo wa taasisi ndogo ya fedha:

"Tarehe 9 na tarehe 16, marejesho ya kundi la Jumanne yaliingizwa kwenye mfumo kesho yake. Ripoti ya Jumatano asubuhi ikaonyesha wateja 14 wamechelewa, na wawili wakapigiwa simu ya kudaiwa wakati wameshalipa. Naomba yaingizwe siku ileile kabla ya saa kumi na moja jioni, au nipate ujumbe kabla ya saa tisa kama haitawezekana."

Linganisha na hii, ambayo ndiyo inayoandikwa: "Aongeze umakini na ajitahidi kujali wateja." Huyo afisa hajui afanye nini tofauti Jumanne ijayo. Anajua tu kwamba amesemwa. Na watu wakizoea kwamba mrejesho maana yake ni kusemwa, wataukwepa, wanawake kwa wanaume.

Hatua ya 3: Ficha jina

Piga picha rasimu yako, funika jina na cheo, mpe mwenzako wa idara nyingine. Muulize swali moja tu: unadhani ni mwanamke au mwanaume? Usimuulize kama ni nzuri. Akibahatisha na kupatia, mwambie akuonyeshe neno lililomwambia.

Maneno yenyewe yanajulikana. Anayeshikilia hoja yake kikaoni, akiwa mwanaume ana msimamo. Akiwa mwanamke ni mbishi au jeuri. Anayefuatilia kazi kila siku, mwanaume ni mfuatiliaji, mwanamke ana gubu. Anayejiamini akizungumza mbele ya mkurugenzi, mwanaume anajiamini kweli, mwanamke anajisikia. Upande wa pili pia upo, na wanaume hawausemi: mwanaume mtaratibu anayesikiliza kabla ya kuamua huandikiwa "hana sauti", na anayeomba ruhusa kumpeleka mtoto hospitali huulizwa kwa utani mama yake huyo mtoto yuko wapi.

Jambo hili limeshapimwa na limeshafika mahakamani, ingawa kwa wenzetu wa Marekani. Mwaka 2014 Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 kutoka kampuni 28, nyingi zikiwa za teknolojia. Kati ya tathmini 94 za wanawake zilizokuwa na ukosoaji, 71 zilikosoa tabia ya mtu. Kwa wanaume zilikuwa 2 kati ya 83. Miaka mingi kabla ya hapo, 1982, Ann Hopkins wa kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse alipendekezwa kuwa mbia, mwanamke pekee kati ya wagombea 88. Kazi alikuwa ameleta. Ushauri aliopewa ili afanikiwe ni atembee kike zaidi, azungumze kike zaidi, ajipake vipodozi, atengeneze nywele na avae vito. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi 1989 kwamba kumpima mtu kwa mategemeo ya namna hiyo kunaweza kuwa ubaguzi wa kijinsia. Ukiisoma orodha ile, utaona kwamba hakuna hata kitu kimoja mteja angekikuta kwenye kazi yake.

Neno likichongea, usilibadilishe kwa neno laini. "Jeuri" ukiiandika "ana changamoto ya mawasiliano" umeipaka rangi tu. Rudi daftarini, tafuta tukio. Labda utakuta: "Tarehe 4 alimkatiza mhasibu mara tatu kikaoni, bajeti haikumaliziwa." Hilo liandike, maana lina tarehe na lina madhara. Ukikuta hakuna tukio, neno lifutwe.

Hatua ya 4: Chunguza na mrejesho mtamu

Kosa hili halionekani kirahisi, nalo huumiza zaidi. Msimamizi anaogopa dada atalia, au atasema ameonewa, au watu watavumisha. Anaandika: "Yuko vizuri, aendelee hivyo hivyo." Watafiti wawili, Lily Jampol na Vivian Zayas, walionyesha katika majaribio kwamba watu wakijua aliyeandika insha dhaifu ni mwanamke, humlainishia maneno na kumwongezea alama kuliko walivyoipima wenyewe mwanzoni. Miaka mitatu ya "yuko vizuri" huisha siku ya kupandishwa cheo, ambapo mwenzake mwanaume ana orodha ya alichokosea na alichorekebisha, na yeye hana cha kuonyesha.

Kipimo: kila fomu iwe na angalau jambo moja la ujuzi analotakiwa kuongeza, namna ya kuliongeza, na tarehe. "Ajifunze kuandaa mtiririko wa fedha wa miezi 12; akae na mhasibu mkuu Jumatatu nne za Agosti." Fomu isiyo na sentensi ya namna hii haijamaliza kazi.

Angalia pia sifa unazotoa. Wanawake husifiwa kwa malezi: anaandaa chai, anaandika mihtasari, ni mweka hazina wa michango ya harusi na misiba. Hizo ni saa za kazi. Kamati ya michango peke yake, kwenye ofisi ya watu 40, humla mtu siku nzima kila msiba unapotokea. Ama ziandikwe kama jukumu lenye uzito kwenye malengo yake, ama zigawanywe kwa zamu. Kuzisifia tu bila kuzihesabu ni kumfanya afanye kazi mbili apimwe kwa moja.

Hatua ya 5: Mahali na saa

Wote waitwe mahali pamoja, muda uleule, dakika 20 hadi 30. Chumba chenye kioo mlangoni kinafaa. Kama hakipo, mlango uachwe nusu wazi na katibu awepo nje. Fanya hivyo kwa wanaume pia. Ukiacha mlango wazi kwa wanawake peke yao umetangaza kitu ambacho hukukusudia. Saa iwe ndani ya saa za kazi. Ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku haufai, hata kama ni wa pongezi.

Halafu kuna mrejesho wa kijiweni. Wanaume wengi huambiwa yaliyo muhimu kwenye nyama choma au wakitazama mpira: "Bosi mpya anapenda takwimu ziwe ukurasa wa kwanza." Hakuna anayeweza kuzuia watu kula nyama. Lakini ukishatoa ushauri wa kazi huko, urudie Jumatatu kwa kila anayefanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 6: Mazungumzo yenyewe

Turudi kwa afisa mikopo. Msimamizi ni mwanaume, afisa ni mwanamke, ameshasomewa yale matukio mawili na ameulizwa nini kilitokea. Hapo msimamizi anyamaze, ahesabu moyoni hadi kumi. Wengi hushindwa hapa, wanajijibia wenyewe.

"Tarehe 9 mtandao ulikata mpaka jioni, bosi."

"Na tarehe 16?"

"Tarehe 16 nilitoka saa tisa, mtoto alikuwa na kliniki. Niliaga."

Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza inasikika ya ubinadamu: "Aa, nyie kina mama mna mambo mengi, nakuelewa. Jitahidi tu." Imefunga mazungumzo bila suluhisho, na kichwani mwa msimamizi huyu sasa ni "mtu wa mambo ya nyumbani". Kaka aliyetoka saa tisa kupeleka gari gereji hapewi jina hilo.

Ya pili:

"Sawa, uliaga. Ukitoka kabla ya kuingiza, nani anaingiza?"

"Hatukupanga."

"Tupange sasa. Unapendekeza nani?"

"Keshia anaweza, akiachiwa karatasi ya kundi."

"Basi karatasi iachwe kwake kabla hujatoka, nami nitamwambia leo. Tutaangalia Jumanne tatu zijazo, tukae tena baada ya hapo."

Dakika sita, na tatizo lina mwenyewe. Andika muhtasari wa mistari mitatu, mpe asome, asaini au ajibu ujumbe.

Machozi yakija, nyamaza, sogeza maji na tishu, usimguse, usitoke chumbani kama unayekimbia moto. Sema: "Tupumzike dakika kumi, au tuendelee kesho saa nne?" Achague. Ukishaendelea, ombi ulilokuwa nalo libaki vilevile. Ukilifuta kwa sababu ya machozi, umemfundisha kwamba haaminiki kubeba ukweli. Wanaume huwa na machozi ya aina yao: kicheko kifupi, "sawa bosi, sawa bosi", au kimya cha kuangalia simu. Mtendee vilevile. Mwambie asubiri kidogo, mwombe arudie kwa maneno yake alichokubali kufanya.

Hatua ya 7: Binti anaposimamia wazee

Msimamizi wa karakana ana miaka 29, fundi wake mkuu ana 54. Huyu bosi ndiye anayetoa shikamoo asubuhi. Wengine humshauri aiache ili "aheshimiwe". Ni ushauri mbaya. Shikamoo ni ya umri, haihusiani na cheo, na siku atakayoikata ndiyo siku fundi ataambiwa na wenzake kwamba ametukanwa. Aitoe kila siku, na siku yenye ukosoaji asiiruke.

Kinachotakiwa ni kivuko cha wazi kati ya salamu na kazi. Salamu, habari za nyumbani, kisha: "Mzee, sasa naomba tuzungumze kikazi." Baada ya sentensi hiyo hakuna "samahani kama nakosea" wala "mimi ni mdogo tu". Taja tukio: "Gari la jana limetoka bila nati mbili za gurudumu la nyuma kukazwa kwa spana ya kipimo. Dereva amelirudisha kutoka njiani." Kisha ombi, lenye saa: "Kuanzia leo, karatasi ya ukaguzi isainiwe na wewe kabla gari halijatoka getini." "Naomba" inakaa vizuri hapo. "Kama itawezekana" haikai.

Fundi akijibu "sawa binti yangu" huku anacheka, asibishane na neno hilo. Amrudishe kwenye kazi: "Asante mzee. Karatasi ya gari la leo nitaiona saa nane." Saa nane aende kweli.

Hatari kubwa ni fundi kupita juu kwenda kwa meneja, mwanaume mwenzake. Meneja ana jibu moja tu: "Umeshaongea na msimamizi wako?" Akilitatua mwenyewe hata mara moja, kwa nia njema kabisa, yule binti hatasikilizwa tena katika karakana ile.

Na majina. Kama kikaoni wanaume ni "injinia" na "daktari", wanawake wenye sifa hizohizo wasiwe "dada" na "mrembo".

Hatua ya 8: Ukiwa upande wa kupokea

Ukipewa neno la tabia, liombee tukio, kwa sauti ya kawaida: "Nimesikia kwamba nina mdomo. Naomba mfano mmoja wa mwezi huu, niujue nirekebishe." Ukipewa mfano, uandike. Ukikosa, andika hilo pia. Ukipewa utamu mtupu, uliza: "Ili nifae kwa nafasi ya juu yangu, nakosa kipi kimoja?" Kisha, siku ileile, tuma ujumbe mfupi wa mlichokubaliana. Ujumbe huo utakufaa zaidi ya kumbukumbu ya mtu yeyote.

Mwanaume anayepokea kutoka kwa mwanamke, jipime kwa jambo moja: hoja hiyo ingetoka kwa kaka wa umri wake, ungeuliza kwanza nani kamtuma?

Likizo ya uzazi na alama

Hapa ni hesabu tu, lakini hukosewa kila mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu. Tuseme lengo la afisa ni mikopo 240 kwa mwaka. Siku za kupimwa ni 365 kutoa 84, yaani 281. Lengo lake linakuwa 240 mara 281 gawanya kwa 365, takriban 185. Akitoa mikopo 190, amevuka lengo. Fomu isiyorekebishwa itamwandikia asilimia 79 na neno "aongeze juhudi". Saa za kunyonyesha, ambazo sheria ya Tanzania inaruhusu hadi mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, nazo zisihesabiwe kama utoro.

Pale inapokuwa si mrejesho tena

Maneno kuhusu mwili, mavazi yasiyohusu usalama au sare, au maisha ya ndoa hayana nafasi kwenye tathmini. Alama ikifungwa na "tutafutane jioni", hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113. Ubaguzi wa kijinsia kazini hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee, na kama umeachishwa kazi, siku 30. Siku hizi huisha haraka mtu akiwa bado anaomba ushauri. Kenya, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, omba uione.

Hesabu ya mwisho wa mwaka

Ofisa rasilimali watu achukue fomu zote kabla hazijasainiwa, azigawe mafungu mawili, wanawake na wanaume. Katika kila fungu ahesabu vitu vitatu: fomu zenye neno la tabia la kukosoa, fomu zenye sentensi ya ujuzi yenye tarehe, na fomu zinazotaja chai, michango au mihtasari kama sifa. Ofisi yenye watu wanane isipige asilimia. Iweke fomu mezani izisome. Yenye watu 50 itaona tofauti kwa macho. Fomu zenye neno la tabia lisilo na tukio zirudishwe kwa msimamizi aliyeandika, zikiwa zimepigiwa mstari chini ya neno hilo, apewe siku tatu, na alete ukurasa wa daftari pamoja na marekebisho.